Shajara ya mradi: Subaru Impreza WRX, na kupima miguu ya gari kabla ya kulipa

Jumapili, 2 Machi 2025

Naanza kuandika leo hata kabla sijapata gari yenyewe, nataka kila hatua ibaki kwenye maandishi. Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu kununua Toyota Altezza, tukaangalia injini, tukaangalia rangi, tukawasha AC, tukaridhika, akalipa. Miezi saba baadae gari ilikuwa imeshakula seti mbili za matairi ya mbele na kila alaimenti (kunyoosha magurudumu) aliyopiga ilidumu wiki mbili tu, mpaka fundi mmoja alipoipandisha juu akatuonyesha krosmemba, ile boriti ya chini inayoshika miguu ya mbele, imepinda. Siku ile ya kununua hakuna kati yetu aliyeinama hata dakika moja kuangalia magurudumu yamekaaje. Hilo jambo limeniuma mpaka leo maana mimi ndo nilimwambia "chukua".

Sasa zamu yangu. Nataka Impreza WRX, ile ambayo chesisi namba yake inaanza na GDA, manyuo (gia za mkono), ya kati ya 2000 na 2005. Mapenzi yameanza zamani, mjomba alikuwa na kanda za Safari Rally na ile ya 1997 dereva Colin McRae alivyoshinda na Impreza ya bluu nimeiangalia mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Bajeti milioni 12 ya gari, na milioni 3 nimeiweka pembeni kwa ajili ya miguu na matairi, hiyo siigusi kwa kitu kingine chochote.

Neno moja kwa anayetafuta gari hizi: nembo ya STI nyuma ya buti isikubabaishe, inauzwa dukani kama stika. Soma chesisi namba. GDA ni WRX, GDB ndo STI, toleo la juu zaidi. Ukiona GDA inauzwa bei ya STI, achana nayo.

Vifaa nilivyokusanya leo: uzi wa fundi mwashi mita 20, timazi, tepu ya chuma, chaki, tochi, stendi nne za kushikia uzi, na kile kidude cha kupimia kina cha tairi. Vyote kwa pamoja havijafika elfu 60.

Jumamosi, 8 Machi

Gari ya kwanza, Mbezi Beach. Ya 2003, rangi ya fedha, inang'aa kiasi kwamba unajiona usoni. Muuzaji ni kijana mwenzangu, mstaarabu, na kabla sijauliza chochote akanipa karatasi: "Bro, hii imetoka alaimenti jana tu, angalia yote kijani." Kweli kijani, yaani namba ziko ndani ya kipimo. Ila nikaisoma ile karatasi taratibu nikaona ina tou ya mbele tu. Kemba hakuna, kasta hakuna, nyuma hakuna kabisa.

Hapa nieleze kidogo maana ndo moyo wa mambo yote. Tou ni vile magurudumu mawili yanavyoangaliana, kama mtu anavyotembea vidole vikiwa ndani au nje. Kemba ni gurudumu kulala ndani au nje ukiliangalia kwa mbele. Kasta ni ule mlalo wa kwenda nyuma wa mguu unaoshika gurudumu, tazama uma wa baiskeli ya Phoenix ulivyolala, ule mlalo ndo unasaidia baiskeli iende nyooka hata ukiachia mikono. Sasa kwenye Impreza hii tou inarekebishika mbele na nyuma, kemba ya mbele inarekebishika kidogo kwa ile bolti ya juu ya shokapu yenye kichwa cha yai, lakini kasta ilivyotoka kiwandani hairekebishiki, na kemba ya nyuma vilevile hairekebishiki. Kwa hiyo mtu akitaka kuficha ajali atarekebisha tou, usukani utakaa katikati, karatasi itatoka kijani. Kasta hana pa kuishika. Namba zisizorekebishika ndo ushahidi, zile nyingine ni mapambo tu mpaka uone hizi.

Nikamwomba nafasi ya nusu saa, akakubali. Kwanza tairi. Za mbele mpya kabisa zote mbili, za nyuma zimebaki milimita 3. Swali la kwanza hapo: za zamani ziko wapi? Tairi la zamani ni kama cheti cha hospitali, linaonyesha gari imeumwa nini. Akasema amezigawa. Halafu kwa gari inayovuta miguu yote minne hiyo yenyewe ni kosa, tairi jipya la 8 mm na la 3 mm yanapishana mzingo kama sentimita 3, wakati Subaru wanataka tofauti isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Maana yake ile difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, inachemka bure.

Nikalala chini na tochi. Tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu ukizungusha usukani) ya kushoto, nyuzi za skrubu zinazoonekana nje ya nati ni 13, ya kulia 5. Nikahesabu mara tatu. Gari ambayo haijaguswa hizo nyuzi zinakaribiana sana pande zote. Nikaenda kwenye bolti za yai za shokapu: ya kushoto alama iko katikati, ya kulia imezungushwa mpaka mwisho kabisa, haiendi tena. Nikapanda ndani nikahesabu mizunguko ya usukani kutoka katikati kwenda kila upande, kushoto ikapatikana zaidi ya kulia kama robo ya mzunguko. Kila kimoja peke yake kinaweza kuwa na maelezo yake, lakini vyote vitatu vilikuwa vinanyooshea kidole upande mmoja.

Tepu sasa. Unanyoosha usukani, unasogeza gari mbele mita chache ili miguu ijilegeze, halafu unapima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele mpaka ya nyuma, kila upande. Kiwandani ni 2525 mm. Kushoto nikapata 2523. Kulia 2509. Nikarudia huku yeye mwenyewe ameshika upande wa pili wa tepu, ikatoka 2509 tena. Mguu wa mbele kulia umerudi nyuma milimita 14.

Kaka wa watu alishtuka kweli. Nadhani na yeye aliuziwa hivyohivyo. Nikamwambia nitalipia mimi mashine kamili ya alaimenti ya vichwa vinne, kimoja kila gurudumu, Jumatatu, tujue wote wawili. Akakubali.

Kabla ya kuondoka tukaiendesha. Barabarani inaenda nyooka kabisa! Hapo ndo watu wengi wanapumbazwa. Sisi tunaendesha kushoto na barabara zetu zimeinuka katikati, kwa hiyo lami inamwagia maji kushoto na hata gari isiyo na ugonjwa huwa inaenda kushoto kidogo ukiachia usukani. Hii yenye ugonjwa wa kulia ilikuwa inavuta kulia, barabara inavuta kushoto, vikamalizana. Tukaingia mtaa mmoja mtulivu usio na watu, nikaipeleka upande wa kulia wa barabara kwa mwendo wa 30 nikalegeza mikono. Ikakimbilia kulia kama imeitwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mashine. Elfu 40 yangu imetoka na sijutii hata senti. Kasta kushoto 3.4, kulia 2.1. Tofauti digrii 1.3, wakati kawaida hutaki zaidi ya nusu digrii kati ya pande mbili. Nikakaa na kalamu: mguu wa shokapu una urefu wa kama sentimita 60 hivi, ukisukuma chini yake nyuma kwa 14 mm unapata digrii 1.3 na ushee. Tepu ya elfu kumi na mashine ya mamilioni zimesema kitu kilekile. Nilifurahi mno kwa hilo hata kama gari ilikuwa imeniponyoka.

Fundi wa mashine akanionyesha na pembe ya kingpini, ile ya mguu ukiuangalia kwa mbele. Akasema ukijumlisha kemba na kingpini upande mmoja inabidi ilingane na upande wa pili. Jumla ikilingana huku kingpini zenyewe zinapishana, basi kilichohama ni bodi au krosmemba. Jumla isipolingana, na si kwa sababu ya zile bolti za yai tu, basi kimepinda kitu kwenye mguu wenyewe, shokapu au nakoli (chuma kinachobeba habu). Hii ya kwetu jumla zilipishana pia. Kwa hiyo mguu umepinda, na kwa vile umerudi nyuma kiasi hicho wishiboni (mkono wa chini unaoshika gurudumu) nayo imo, na krosmemba sijui.

Nilimshukuru muuzaji, nikampa karatasi kamili aondoke nayo. Akaniuliza angeishusha mpaka ngapi ningechukua. Nikamwambia ukweli, bro mimi sina moyo wa kununua kitu ambacho sijui kimeishia wapi. Ingekuwa imepinda wishiboni tu ningechukua. Akaelewa.

Jumamosi, 22 Machi

Morogoro. Mvua ya masika imenyesha usiku kucha, asubuhi Uluguru haionekani, ukungu mtupu. Kihonda kuna mama mmoja nesi anauza gari ya mwanae aliyeenda kusoma nje, WRX ya 2001, macho ya duara, bluu, kilomita 168,000. Nilipofika nikamkuta amekaa barazani ameshika kadi ya gari mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mimi nikwambie kabisa, hii gari ina shida, usije ukasema nilikuficha. Tairi zinaisha upesi na usukani umekaa vibaya. Waliokuja wote wakiendesha wanarudisha funguo."

Na kweli. Tairi za mbele zote mbili zimelika ndani mpaka waya unaonekana, nje zina nyama nzuri tu. Nikapitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, nikarudisha kutoka ndani kwenda nje: upande mmoja laini kama unampapasa paka, upande mwingine meno ya msumeno, yanakwaruza. Ncha kali zinaangalia nje. Hiyo ni tou ya nje, magurudumu yanaachana mbele, tairi linaburuzwa ubavu njia nzima badala ya kuviringika tu. Tairi la nyuma kulia nalo lina meno, la nyuma kushoto safi.

Tukaingia barabarani mimi na kijana wa jirani. Usukani ukienda nyooka umelala kulia, ile nembo ya katikati imesogea kama upana wa vidole vitatu. Kwenye makorongo nyuma inayumba yumba, kama inataka kutangulia mbele. Inatisha kwa mtu asiyejua. Mimi nilianza kupata matumaini hapohapo, maana hii gari hakuna mtu aliyeirekebisha ili ionekane nzuri.

Mama akaniruhusu niitumie sakafu ya saruji ya pembeni ya nyumba. Tepu kwanza: kushoto 2524, kulia 2526. Nikapumua. Nyuzi za tairodi 9 na 10. Bolti za yai zote mbili katikati, na vumbi la miaka juu yake, hazijawahi kuguswa tangu Japani. Mizunguko ya usukani sawa pande zote.

Timazi sasa. Rimu ya 17 kutoka mdomo wa juu mpaka wa chini ni kama sentimita 46, kwa hiyo kila milimita 8 ni digrii moja. Unaning'iniza timazi mbele ya gurudumu, unasubiri uzito wake utulie (upepo unachosha hapa, nilimwomba kijana asimame azuie kwa mgongo), unapima umbali wa uzi mpaka mdomo wa juu, halafu mpaka wa chini. Mbele kushoto juu imeingia ndani milimita 5, kulia milimita 4. Yaani kama nusu digrii kila upande. Nyuma 9 na 10, kama digrii moja na ushee. Zinalingana kushoto na kulia, na hizo za nyuma hakuna mtu anaweza kuzirekebisha. Hii gari haijawahi kugongwa miguu.

Mwisho uzi. Stendi nne, uzi mmoja kila upande kwa urefu wa katikati ya habu. Watu wengi wanakosea hapa, wanavuta uzi uguse tairi za nyuma halafu wanapima mbele. Upana wa mbele na nyuma haulingani, kwa hiyo utapata uongo. Nyuzi zenyewe ziwe sambamba kati yao, umbali uleule mbele na nyuma ya gari, na umbali wa kutoka kwenye kifuniko cha habu mpaka uzi ulingane kushoto na kulia. Inachukua muda. Mimi ilinichukua dakika 50 na mgongo unauma. Baada ya hapo unapima tu: mdomo wa mbele wa rimu mpaka uzi, mdomo wa nyuma wa rimu mpaka uzi, tofauti yake ndo tou ya gurudumu hilo.

Mbele jumla imefunguka milimita 9. Nyuma kushoto imeingia 1. Nyuma kulia imefunguka 5. Basi hiyo ya nyuma kulia ndo inaeleza usukani: gurudumu la nyuma linaangalia kulia, linausukuma mkia kulia, na dereva ili aende nyooka lazima naye ageuze ya mbele kulia kidogo iende nayo sambamba. Gari inatembea ubavu ubavu. Usukani ulikuwa hauna kosa lolote.

Nikapiga jeki nyuma kulia nikashika tairi mbele na nyuma nikalitikisa, likacheza. Bushi (mipira ya kwenye maungio) za zile linki za pembeni, vyuma vinavyoshika gurudumu la nyuma, zimekwisha, mpira umechanika kabisa umebaki kama ulimi. Mbele bushi za nyuma za wishiboni zimevuja mafuta, na tairodi endi (ncha ya tairodi) moja inagonga. Vyote hivi vinauzwa, vinabadilishika, hakuna chuma kilichopinda.

Nikarudi barazani nikamwelezea mama kila kitu, mpaka nilichoona kizuri. Sikutaka kumwambia gari mbovu wakati najua ni nzima, yule ni mama wa mtu. Alikuwa anataka 13. Nikamwonyesha hesabu ya bushi, tairi nne, na kazi. Akampigia mwanae, wakaongea, akarudi akasema 11.2. Tukashikana mikono. Akanipa na chai na vitumbua na akaniambia niendeshe pole pole.

Jumapili, 23 Machi

Kuileta Dar. Tairi zenye waya nje huwezi kupita nazo Chalinze, ni kujiua. Pale Msamvu nikapata tairi mbili za mtumba saizi ileile 215/45 R17, ila kabla ya kulipa nikazizungushia tepu zikiwa na upepo: za nyuma zilizopo mzingo 1942, hizi 1945. Milimita tatu, ziko ndani ya kipimo. Jamaa wa tairi alinishangaa akasema hajawahi kuona mteja anapima kiuno cha tairi. Nikazichunguza na namba za tarehe, tarakimu nne za mwisho, 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa safari ya kilomita 190 na ushee nikaona inatosha.

Mwendo 70 njia nzima. Mikono imechoka. Mikese mvua kubwa, nikaegesha nikasubiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, fundi wangu wa Tabata karudi kazini. Ni mzee wa makamo, amefanya Subaru miaka mingi. Tumebadilisha bushi za wishiboni za mbele, tairodi endi zote mbili, na bushi za linki za nyuma pande zote.

Shughuli ilikuwa bolti ya nyuma kulia, ile yenye kichwa cha yai inayorekebisha tou ya nyuma. Imegandana na kile kibomba cha chuma kilichomo ndani ya bushi, zimekuwa kitu kimoja. Tuliimwagia mafuta ya kulainisha kutu jana usiku, leo asubuhi tena, tukaipasha moto, tukaigonga, wapi. Nati imetoka lakini bolti inazunguka na bushi yake. Saa tano mzee akasema "lete gurainda." Tukakata pande mbili, cheche zikaruka mpaka kwenye ndoo ya maji. Bolti mpya nikaifuata Gerezani. Nakushauri mnunuzi, siku ya kukagua gari ziangalie hizi bolti za yai za nyuma na tochi, zikiwa zimekula kutu hesabu kabisa gharama ya bolti, bushi na nusu siku ya fundi, kwa sababu karatasi ya mashine haitakwambia kwamba kirekebishio chenyewe hakizunguki.

Kingine ambacho mzee alikisimamia na mimi nilikuwa sikijui. Bushi hizi za mpira usizikaze gari ikiwa juu ya jeki miguu inaning'inia. Unazishikiza tu, unashusha gari chini, unaitikisa, halafu unaingia chini au unaiweka kwenye shimo unakaza ikiwa imebeba uzito wake. Ukikaza ikiwa juu, mpira unakaa umejisokota muda wote gari ikiwa chini, inachanika mapema, na urefu wa gari kutoka chini kwenda juu unabadilika kwa hiyo alaimenti nayo inakuwa ya uongo. Aliniambia, "Kijana, bushi inalala vile unavyoikaza. Ilaze vizuri." Tulikaza kwenye shimo, mimi nimekaa kiti cha dereva kama uzito.

Jumamosi, 12 Aprili

Tairi nne mpya, moja kwa moja kwenye alaimenti. Sehemu ya kwanza niliyoenda sikumaliza. Kijana akafunga vichwa vya mbele tu, nikamuuliza nyuma vipi, akasema "hii nyuma haina." Nikainama nikamwonyesha bolti mpya inayong'aa. Akasema wao nyuma hawafanyi. Nikalipa usumbufu nikaondoka, bila ugomvi. Kama nyuma haijanyooshwa kwanza, mbele unainyoosha kwa kufuata mkia uliopinda.

Sehemu ya pili nikarudi kwenye ileile mashine ya vichwa vinne ya ile gari ya fedha. Upepo ukapimwa kwanza, tenki nusu, hakuna mzigo kwenye buti. Fundi akaisukuma gari nyuma na mbele ili mashine ijue rimu zimepinda kiasi gani, akafunga usukani na kile chuma cha kukandamiza ili usihame, halafu akaanza nyuma.

Namba za kuingia: kasta 3.5 kushoto, 3.4 kulia. Hapo nilisimama nikaangalia skrini muda mrefu kidogo. Timazi yangu ilisema mbele nusu digrii, mashine ikasema kemba 0.6 na 0.5. Nyuma 1.1 na 1.2.

Alivyoacha: nyuma tou imeingia milimita 1 jumla, imegawanywa sawa kushoto na kulia, kwa hiyo mkia unafuata mstari wa katikati. Mbele kemba tumeilaza mpaka 0.8 kila upande kwa zile bolti za yai, nataka ishike kona vizuri zaidi. Tou ya mbele sifuri. Aliuliza kama nataka ya ndani kidogo ili itulie kwenye barabara kuu, nikasema sifuri inanitosha, gari hii kasta yake inaishikilia.

Kutoka pale mpaka nyumbani ilikuwa gari nyingine. Usukani umekaa katikati. Nikaipitisha upande wa kulia wa ule mtaa mtulivu, mikono imelegea, ikafuata mteremko wa lami kidogo kidogo bila papara. Kona ya kuingia Tabata ambayo nyuma ilikuwa inayumba, imepita kama imefungwa kwenye reli. Niliizunguka mara mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Kilomita 1,480 tangu alaimenti. Nimetoa kidude cha kupima kina, kila tairi sehemu tatu. Mbele kushoto ndani 7.1, kati 7.2, nje 7.1. Mbele kulia 7.1, 7.2, 7.0. Nyuma zote 7.3 kwa 7.2. Kiganja kinapita laini pande zote mbili, hakuna meno.

Ile milioni 3 ya pembeni imebaki laki 6 na kitu. Bado kuna mtikisiko mdogo wa usukani ukifika 100, ukipita 110 unaisha. Rimu ya mbele kulia nilivyoizungusha juu ya jeki na kalamu imekaa pembeni inapiga kalamu sehemu moja, kwa ndani, kama milimita 2. Nimeihamishia nyuma leo mchana na mtikisiko umehama nayo, sasa unausikia kwenye kiti. Jumatatu naipeleka kunyooshwa.

Jana nilimtumia mama wa Kihonda picha ya gari ikiwa imeoshwa, na ile karatasi ya mashine. Akanijibu kwamba mwanae ameuliza kama bado ina ule mlio wake wa kunguruma asubuhi ikiwashwa. Nimemrekodia nikamtumia.